Uliza Ujibiwe: Bloga kasema feri zimesimama

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mkubwa. Mie nauza mihogo na madafu Marikiti, na mzigo wangu hutoka Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Juzi alfajiri nilipata kwenye simu habari ya bloga mmoja mwenye wafuasi wengi hapa Pwani, kwamba feri zote zimesimama. Tuktuk ilikuwa ishajaa. Nikamlipa kijana nusu ya nauli, nikashusha mzigo. Saa tatu jirani akanipigia yuko mjini, kavuka bila tabu yoyote. Mzee wangu ananicheka, asema mtaka habari anunue gazeti. Binti yangu wa chuo asema magazeti yashanunuliwa na wakubwa, heri bloga asiye na bosi. Habari yenyewe na picha yake nimekutumia. Humu nyumbani nimsikilize nani?
Muuza mihogo, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwenzangu, na pole kwa biashara ya siku hiyo.

Kabla ya kuwaamulia mzee na binti, nimeisoma hiyo habari neno kwa neno. Inasema: “HIVI PUNDE!! Feri zote zimesimama Likoni, abiria wamekwama, inasemekana injini zimekufa. Sambaza.” Saa haikutajwa. Tarehe hakuna. Hakuna jina la feri hata moja, na hali mtu akisimama pale kivukoni MV Likoni na MV Kwale humsoma yeye kabla hajazisoma, kwa ukubwa wa maandishi. “Inasemekana” na nani? Kisha tazama picha. Ivute karibu, uangalie nyuso. Abiria wamevaa barakoa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kando kuna pipa la maji lenye bomba na watu wamepanga foleni kunawa. Mwenzangu, hiyo ni picha ya wakati wa corona. Aliyeandika habari yako hakuwa feri alfajiri ile. Alikuwa kwake, mtu kamwambia kitu, naye akaenda kutafuta picha ya kukivika.

Ndiyo maana swali la bloga au mwandishi mie huliweka la pili. La kwanza ni hili: huyu alikuwa wapi? Kila sentensi ya habari, aliyeiandika ameiona, au ameambiwa, au amekisia. Mwandishi mwema hukuonyesha ni ipi kati ya hizo. Mbaya huzichanganya zote, akazitia alama mbili za mshangao.

Mie nimekula chumvi nyingi nikiandika habari za mahakama hapa Mombasa, basi nikueleze habari ya aya nne, ya wizi wa pikipiki tu, ilivyokuwa ikipikwa. Nakaa kwenye benchi, nasikia kwa masikio yangu. Hakimu akiinuka namfuata karani nione hati ya mashtaka, kwani hapa kwetu jina moja lina wenyewe kumi, na tisa kati yao hawana kesi. Namtafuta wakili kwenye ngazi. Nikishatuma, simu inalia, ni mhariri. “Sentensi ya tatu, nani kasema?” Nikijibu “kila mtu anajua,” sentensi inakatwa. Hata kama naapa ni kweli, inakatwa. Nilikuwa nikimchukia mhariri wangu hadi sauti yake. Lakini mzee wako akitoa pesa zake kununua gazeti, anachonunua hasa ni ile simu. Bloga wako hana wa kumpigia. Akimaliza kuandika, kidole kimoja, habari iko kwa watu elfu sitini.

Mzee asifurahi mapema, lakini. Gazeti kongwe kuliko yote nchini lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902, na aliyelianzisha, Alibhai Mulla Jeevanjee, alikuwa mfanyabiashara na mkandarasi wa reli, si mwandishi. Miaka mitatu baadaye alikwisha kuliuza, na ndilo tunaloliita The Standard leo. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, na 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Hakuwa na kadi ya mwanahabari, wala nani angempa? Alikuwa na elimu, jina lake, na mji uliojua anakoishi. Asiyependezwa na alichoandika aliweza kumfuata hadi msikitini akamwambia. Kwa hivyo mtu mmoja kuandika bila ya kampuni nyuma yake si uzushi wa vijana wa TikTok.

Na binti yako hakukosea kuhusu pesa. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari inayotoka, na isiyotoka ni hasara yao na nauli yao. Mtu wa namna hiyo ukimtilia bahasha mwisho wa mkutano, unajua alivyo na njaa. Nimeiona karatasi ya kutia sahihi ya “nauli” ikizunguka meza ya hoteli kuliko karatasi ya maswali. Mwenye matangazo makubwa naye hupigiwa simu kwa adabu kabla habari yake haijachapishwa. Hayo yote yapo. Ila binti akisema bloga hana bosi, hapo kapotea njia. Wako wanaolipwa na wanasiasa kwa wiki, wampandishe huyu na kumshusha yule, na vijana wenyewe hawafichi sana. Bosi yupo. Tofauti ni kwamba wa gazeti unamjua jina.

Kuna na ugonjwa mwingine wa sisi wenye kadi, nao ni kupenda taarifa yenye muhuri. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kule Homa Bay, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Vyombo vikainukuu: “polisi wamesema.” Kunukuu hivyo si uongo, maana kweli walisema. Lakini uchunguzi wa maiti ulipofanywa ukaonyesha majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na mapigo mwilini, na ule ukuta ukaisha maneno. “Polisi wamesema” ni sentensi ya mtu aliyeambiwa. Kuchapishwa kwenye karatasi nzuri hakuigeuzi kuwa ya mtu aliyeona.

Na kuna siku ambazo aliyeona ni mwenye simu peke yake. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 29, 1994, wakafa watu 272, hakukuwa na simu ya kurekodi chochote. Watu walikimbilia ufukweni na hospitalini kujua nani kapona. Septemba 29, 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia kutoka MV Harambee na mama na binti yake ndani, video ya abiria ilikuwa imezunguka nchi nzima kabla taarifa ya habari ya usiku haijakaa sawa. Video ile ilitwambia kilichotokea, na hakuna mwandishi angeifikia. Lakini siku zote zilizofuata hadi Oktoba 11, miili ilipotolewa, simu zile zile zilijaza majini, makafara na gari kuonekana Shelly Beach. Waliokuwa wakieleza kina cha maji, mkondo, wapiga mbizi wamefika wapi na hali ya milango ya feri ni waandishi waliokuwa wamekaa pale juani kutwa. Na Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya corona, polisi walipowapiga abiria waliokuwa wakingojea kuvuka Likoni, mwandishi wa televisheni aliyekuwa akirekodi naye alipigwa. Huyo mwulize alikuwa wapi, atakuonyesha alama.

Vivyo hivyo Desemba 30, 2007, ghasia za uchaguzi zilipozuka, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio zikapunguza sauti, na wanablogu wakaendelea. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu, pamoja na wenzake wakaanzisha Ushahidi Januari 2008: mtu anatuma ujumbe kueleza kilichotokea alipo, taarifa inawekwa kwenye ramani. Utaona walichokuwa wakikusanya: wapi, lini, nani kaona.

Wadanganyifu nao hukamatwa kwa swali hilo hilo. Mwaka 2003 Jayson Blair alikuwa mwandishi wa New York Times, gazeti kubwa la Marekani. Aliandika habari ya familia ya mwanajeshi aliyepotea, nyumbani kwao Texas, na Texas hakwenda. Kaokota maneno ya gazeti jingine. Miaka minane baadaye, 2011, dunia ililia na blogu ya msichana wa Damascus aliyekuwa akiandika maandamano ya Syria, hadi ikasemwa katekwa. Magazeti makubwa yakaibeba habari yake. Kumbe mwenye blogu ni mwanamume wa Kimarekani, Tom MacMaster, anayesoma Edinburgh, na picha ya “msichana” ni ya mwanamke wa London asiyejua lolote. Mmoja mwandishi, mmoja bloga, na wote wawili hawakuwa walikosema wapo. Na aliyemfichua wa pili si magazeti peke yake. Wanablogu wenziwe ndio waliokazana kuuliza nani kawahi kumwona uso kwa uso.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niegemee kidogo upande wa mzee wako. Mei 11, 2003 New York Times lilichapisha, ukurasa wa kwanza, maelezo marefu ya kila alichodanganya Blair, habari baada ya habari. Walilazimika, wana jengo, wana jina, wana watu wa kuwashitaki. Bloga wako wa feri nimekwenda kumtazama. Habari ya feri haipo. Kaifuta. Hakuna “samahani,” hakuna “tulikosea,” chini yake kuna tangazo la mabati.

Basi fanya hivi. Kujua saa hii feri inatembea au haitembei, gazeti la kesho halikufai kitu; mwachie mzee wako. Wapigie wale vijana wa mikokoteni wanaolala kivukoni, au fuata mtu anayepiga video kutoka pale na sauti ya honi ikasikika. Ukitaka bloga wa kumfuata, ushuke kwenye ukurasa wake miezi kadhaa nyuma utafute alipokosea. Ukiona karekebisha hadharani, pale pale alipokosea, mshike. Ukiona hajawahi kukosea hata siku moja, mkimbie. Na ukitaka kujua kwa nini feri husimama, nani kapewa zabuni na vipuri viko wapi, hapo ndipo nitakwambia ununue gazeti, tena usome hadi aya ya mwisho, ndiko wanakoificha habari yenyewe.

SWALI: Ukurasa mmoja wa Facebook umeweka picha ya buchari ya kaka yangu Kisauni na kuandika anauza nyama ya punda. Wateja wamehama. Twende polisi, au kwa Baraza la Vyombo vya Habari?
Dada wa mchinjaji

JIBU: Kabla ya kwenda popote, hifadhi. Piga picha ya skrini ya chapisho lote, na jina la ukurasa, tarehe, saa na anwani yake juu, kabla hawajafuta. Mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki ukiambatana na cheti cha aliyeuchukua, kinachoeleza kaupata vipi na kwa kifaa gani. Kwa hivyo achukue mtu mmoja, si kila binamu atume yake kwenye kundi la familia.

Pili, kaka akusanye karatasi za siku ile: stakabadhi ya machinjioni, cheti cha mkaguzi wa nyama, kibali cha kusafirishia. Muhuri wa mkaguzi juu ya paja la ng'ombe una maana kubwa kuliko insha ya kujitetea. Apige picha, azibandike dukani na azitume kwa mwenye ukurasa akidai sahihisho. Katiba, Kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Barua iwe fupi, isiyo na matusi, na siku za kujibu ziandikwe.

Baraza la Vyombo vya Habari lina Tume ya Malalamishi, na njia yake haina gharama za mahakama. Lakini kazi yake ni vyombo vya habari na waandishi, chini ya sheria ya 2013. Kama ukurasa ule ni wa kituo cha redio au gazeti, nendeni. Kama ni wa kijana mmoja na simu yake, mtazungushwa bure.

Polisi sikushauri. Sheria za kukamata watu kwa maneno mara nyingi zimewaangukia waliowaudhi wakubwa, na mahakama imeshazifyeka kadhaa: Aprili 19, 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, na Februari 6, 2017 ikasema kuharibu jina la mtu si jinai tena. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 nayo, wino haujakauka Chama cha Wanablogu kilikuwa kishafika mahakamani kuipinga. Njia iliyo wazi ni kesi ya madai kwa kuharibiwa jina. Hiyo ina mlango mwembamba: miezi 12 tangu kuchapishwa, ukipita umefungwa. Mwoneni wakili mapema, na mwende na daftari la mauzo, la kabla na la baada. Kusema “wateja wamehama” hakimu ataandika tu, hesabu ataisoma.

SWALI: Shikamoo Bi. Nasoma chuo, nina blogu ya habari za mtaa wa Tudor. Watu wananiita bloga kwa dharau. Nikipata kadi ya mwanahabari nitaaminika?
Kijana wa Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kadi hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari na huhuishwa kila mwaka, nayo itakufungulia milango ya mikutano ya wakubwa. Ukishahitimu na ukawa na kazi za kuonyesha, omba. Kuaminika ni hadithi nyingine. Nawajua wenye kadi nisiowaachia hata habari ya mvua.

Wakati huo kuna mlango usiohitaji kadi. Kesi husikilizwa hadharani, na benchi la nyuma la mahakama ni la mwananchi yeyote. Nenda saa tatu asubuhi, chagua kesi moja inayogusa Tudor, ya ardhi au ya maji taka, uifuate hadi hukumu, hata ikiahirishwa mara nyingi kiasi gani. Itaahirishwa. Waandishi wa mjini watakuja siku ya kwanza na ya mwisho. Wewe utakuwa umekaa siku za katikati, na mawakili wataanza kukuuliza wewe shahidi wa tatu alisema nini. Namba ya kesi mwulize karani, uiandike juu ya kila habari ili msomaji aweze kukufuata. Ulichosikia andika umesikia. Usichosikia vizuri muulize wakili, wa pande zote mbili. Mtoto akitajwa kwenye kesi, jina lake, shule yake na picha yake visitoke kwako kamwe. Hiyo ni sheria. Na simu uizime kabla ya kuingia. Usirekodi bila ruhusa ya mahakama, utatolewa nje na kesi yako itaendelea bila wewe.